Kumkosea Mtoto

Jumamosi, 16 Oktoba 2004

Ukurasa wa mwisho humu ni wa tarehe 3 Julai. Miezi mitatu na zaidi, bila hata mstari mmoja. Wanafunzi wangu niliwasimamisha mbele ya darasa kwa kuruka siku mbili za shajara. Basi naliomba radhi daftari hili, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwomba. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na mjukuu.

Leo naandika kwa sababu kuna jambo ambalo siwezi kumwambia mtu.

Pendo aliletwa kwangu mwezi wa saba. Ana miaka saba. Mwanangu Fredi na mkewe Lucy wanaishi chumba kimoja karibu na bandari, pamoja na mtoto mchanga, na msimu huu wa korosho Fredi haonekani nyumbani. Kabla ya hapo Pendo alilelewa Ziwani na bibi yake mzaa mama. Huko watoto husema ntu, ntoto, nkono, na kila r huwa l. Fredi alisema: Mama, mnyooshee Kiswahili. Nilifurahi. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne; kazi hiyo naiweza.

Jumanne iliyopita, saa kumi, nilikuwa barazani nasoma gazeti. Pendo akaja analia — kulia kule kwa kukatika pumzi. Akasema: "Bibi, nimeanguka kwenye nkolosho."

Nikasema: "Hakuna nkolosho. Kuna mkorosho. Sema."

Akajaribu. Nko — nko —. Nikamwambia akanawe uso, arudi atakapoweza kuzungumza vizuri. Akaenda, akanawa, akarudi. Alisimama wima, mkono mmoja nyuma, akasema: "Mkorosho."

"Vizuri sana," nikamwambia. Nikaendelea na gazeti.

Hakulia tena. Alikula kidogo, akalala mapema. Mimi niliona adabu.

Jumatano asubuhi jirani yangu Mwanaamina alileta vitumbua. Pendo akapokea kwa mkono wa kushoto. Mimi — mimi, si Mwanaamina — nikamkemea: mkono wa kulia. Akaunyanyua hadi kiunoni, ukagoma. Mwanaamina akaweka sahani chini, akapandisha mkono wa gauni la mtoto. Mkono wenyewe umevimba, umeng'aa.

"Mwalimu," akasema taratibu, "huyu mtoto amelala na mkono huu?"

Hospitali walisema mfupa una ufa. Wamemfunga plasta ngumu kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko. Wiki sita.

Niliazima simu ya Mwanaamina kumpigia Fredi. Nikamwambia mtoto ameanguka asubuhi hiyo, akienda shule. Neno hilo, asubuhi, lilitoka lenyewe. Sentensi ilikuwa sahihi kabisa, na ilikuwa ya uongo. Mwanaamina akageukia sufuria zake. Pendo alikuwa kando yangu, anasikia.


Jumapili, 17 Oktoba 2004

Fredi amekuja baada ya ibada, amekaa saa moja tu. Malori yamejaa mpaka barabarani, anasema, na meli inasubiri.

Alimpakata Pendo, akagonga plasta kwa kidole kama anayebisha hodi. "Hodi humu ndani. Hebu niambie, mama, uliangukaje?"

Pendo alinitazama mimi kwanza. Kisha akajibu: "Nilianguka asubuhi nilipokuwa nikienda shule."

Wakati uliopita, upatanisho sawa, hakuna r iliyopotea. Fredi akacheka, akanigeukia: "Mama, umemnyoosha kweli huyu."

Nikamshukuru. Nilimshukuru.


Jumanne, 19 Oktoba 2004

Tumerudi hospitali akaangaliwe vidole. Muuguzi wa watoto ni mwanamke mnene, mcheshi, miwani juu ya paji la uso. Alinitazama sana kabla ya kusema neno.

"Shikamoo, Mwalimu Raheli. Hunikumbuki. Mimi Sabina, uliyekuwa unaniita Ngeli Mbovu."

Sikumkumbuka. Nilikuwa na majina mengi kwa watoto wengi.

Alimminya Pendo vidole kimoja kimoja na kumwuliza kama vinauma. Pendo alijibu havimuumi. Kimoja alipokiminya niliona ngozi ya uso wa mtoto inavutika. Hata hivyo alisema hakimuumi, asante. Sabina naye aliona. Akaacha kuuliza. Akaanza kumsimulia habari za paka wake, huku ameshika kile kidole tu, bila kukiminya. Baada ya muda Pendo akasema, kwa sauti ndogo: "Hicho."

Tulipokuwa tunatoka Sabina akanivuta kando. Kila Alhamisi huwa anazungumza na wazazi na walezi pale nyuma ya kliniki — jinsi ubongo wa mtoto unavyofanya kazi, jinsi ya kumsaidia anapohemewa na hofu au hasira. Alijifunza kwenye mafunzo Dar es Salaam. Akasema nije. Nikamjibu kuwa nimesomesha watoto zaidi ya elfu mbili.

"Najua, Mwalimu," akasema. "Mimi ni mmoja wao. Nilikuwa nakwenda chooni mara mbili kabla ya kipindi chako. Mwili ulikuwa unajua ni Jumatatu kabla mimi sijajua."

Alisema hivyo huku anacheka. Nimerudi nyumbani kwa miguu nikasahau kununua mafuta ya taa.


Alhamisi, 21 Oktoba 2004

Nimekwenda. Nilijiambia ni kwa ajili ya kufuatilia plasta.

Wanawake kumi na mmoja, wanaume wawili, mabenchi ya kliniki. Sabina hana ubao, anatumia mikono. Alisema masaa badala ya saa, mara mbili, na nilihesabu makosa matatu ya upatanisho kabla sijagundua kuwa nahesabu.

Niandike alichosema, kwa maneno yangu, nisije nikajidanganya baadaye kuwa sikusikia.

Mtoto huzaliwa na sehemu ya ubongo inayoogopa ikiwa tayari kwa kazi. Sehemu ya kuchagua maneno, ya kujizuia, ya kufikiri kabla ya kutenda, hujengwa polepole, na ujenzi huo huendelea mpaka mtu anapita miaka ishirini. Hofu ikimshika, au maumivu, au hasira, ile ya kwanza hutangulia, na ile ya maneno hushindwa kufanya kazi. Hakatai. Hawezi. Mkubwa akifoka wakati huo, ile ya kwanza huona hatari imezidi. Mtoto anaweza kunyamaza. Lakini kunyamaza siyo kutulia. Moyo wake bado unakimbia.

"Mmeona malori ya korosho kwenye geti la bandari," alisema. "Lori moja likizimikia getini, hata ukipiga honi mpaka kesho, ya nyuma hayaingii. Mtoto akilia, geti limezibwa. Maneno yako mazuri yapo kwenye foleni huko."

Mwanamke mmoja akauliza: "Wa kwangu mimi, dada, ni mtoto au ni bandari nzima?" Wakacheka. Nami nilicheka kidogo.

Kisha akaeleza la kufanya. Kwanza, ushuke kimo chako hadi macho yenu yalingane. Sauti iwe ya chini. Umguse, kama anakubali. Usiulize maswali mengi. Ukiona ametulia kidogo, mtajie kinachomsumbua: umeogopa, umekasirika, umeumia. Akisikia kikitajwa kwa jina, hujua kuwa kitu hicho kina mwisho na kwamba kuna mtu mwingine anayekiona. Kufundisha ni mwisho kabisa. Saa nzima baadaye. Kesho, hata.

Mimi nilianza na kufundisha. Sikufika kwingine.


Ijumaa, 22 Oktoba 2004

Jaribio la kwanza. Kikombe cha chai kilimponyoka Pendo, kikavunjika. Alikakamaa papo hapo, macho chini, akisubiri. Nikachuchumaa mbele yake kama tulivyofundishwa. Nikasema: "Umeogopa."

Akasema: "Hapana, Bibi. Samahani, Bibi."

Halafu magoti yangu yakakataa kuinuka. Nina miaka sitini na minane, nilisahau. Nilinyoosha mkono anishike. Akatoka mbio kumwita Mwanaamina.

Mwanaamina alinivuta kwa kwapa. "Mwalimu, swaumu hii nami ninyanyue watu wazima," alilalamika. Baadaye, tulipokuwa wawili, akasema jambo jingine. Kwamba Pendo akiwa uani kwake hupiga kelele mpaka kuku wanakimbia, na akivuka ua kuja kwangu huzimika kama redio. Alidhani najua.

Sikujua kuwa ana kelele.


Jumatatu, 25 Oktoba 2004

Hofu, woga, wasiwasi, fadhaa, simanzi, majonzi, huzuni, uchungu. Haya niliyafundisha kila mwaka chini ya visawe. Mtihani mmoja niliwapa ishirini na walitakiwa kuyapanga.

Sikumbuki kuwahi kumwambia mtoto yeyote lolote kati ya hayo kama habari yake mwenyewe. Hata Fredi. Baba yake alipofariki, Fredi alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimwambia ajikaze.


Alhamisi, 28 Oktoba 2004

Kliniki tena. Leo Sabina alizungumzia mkubwa aliyekosea. Anasema sote tutamfokea mtoto, ubongo wa mkubwa nao hushikwa. Kinachomharibu mtoto ni kuachwa hapo, bila mtu kurudi. Mkubwa arudi, aseme alichofanya kwa jina lake, asimtwishe mtoto sababu.

Watu walipoondoka nilibaki kwenye benchi. Nikamweleza yote: nkolosho, kunawa uso, vizuri sana, mkono wa kushoto, na uongo. Hakuna niliyewahi kumweleza. Alivua miwani akaifuta kwa sketi.

Nikauliza kama mtoto atasahau.

Akasema: "Mimi nina miaka arobaini na moja, Mwalimu."

Kisha akaniomba msamaha kwa kusema hivyo. Yeye, akaniomba mimi.


Jumamosi, 30 Oktoba 2004

Nimemwambia.

Alikuwa ameketi kizingitini, anachora kwa mkono wa kushoto. Nilileta kigoda, kile kifupi cha jikoni, ili magoti yasinivunjie heshima tena. Macho yetu yalilingana karibu. Nikasema: "Pendo, nilikosea."

Akauliza: "Wapi?"

Sikumwelewa. Alikuwa anatafuta kosa kwenye karatasi yake, kisha kwenye yale niliyotoka kusema. Katika nyumba hii kukosea ni kwa maneno tu. Hajui kukosea kwingine.

Nikasema: "Si kwenye maneno. Nilikukosea wewe. Ulikuja umeumia, mimi nikasahihisha neno."

Kiambishi kimoja tu, -ku-. Nimekifundisha miaka yote hiyo kama yambwa, mtendwa, kwa mishale ubaoni. Leo kilikuwa na pua na meno mawili yaliyong'oka.

Alichora mistari kadhaa. Kisha:

"Baba anajua?"

"Hajui."

"Baba anajua nilianguka asubuhi."

"Ndivyo nilivyomwambia. Haikuwa kweli."

"Sasa mimi niseme ipi?"

Mtoto wa miaka saba. Nilimpa plasta ya pili, juu ya ile ya kwanza, na yeye kaibeba wiki mbili na nusu bila kulalamika. Nikamwambia aseme ilivyokuwa, na kwamba nitatangulia mimi. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mchoro. Hakunisogelea. Wala hakuondoka.


Jumapili, 31 Oktoba 2004

Fredi na Lucy walikuja na mtoto mchanga. Nilimtuma Pendo kwa Mwanaamina, nikawaambia kabla hawajanywa maji. Nilitaka niseme kwa mpangilio. Nilisema hovyo, nyuma mbele.

Lucy alikuwa ananyonyesha. Aliacha, akafunga kifungo cha blauzi, ndipo akasema: "Mama, tulimleta ajue Kiswahili. Hatukusema asijue kulia."

Yeye huniita mama na huongea nami kwa heshima tangu siku ya kwanza. Heshima ilikuwapo hata leo. Ndiyo iliyouma.

Fredi aliinamisha kichwa, akatazama sakafu. Nilidhani ni hasira juu ya mkono. Kumbe alikuwa mbali zaidi.

"Unakumbuka barua zangu za bweni?" akauliza.

Nikasema nazikumbuka, zilikuwa fupi.

"Ya kwanza haikuwa fupi. Kurasa nne. Nilikuandikia kwamba wanafunzi wakubwa wananichapa usiku na kwamba nataka kurudi nyumbani. Ulinirudishia barua ile ile, Mama. Wino mwekundu. Ulizungushia mahali nilipoandika wananichapwa. Chini ukaandika: Soma tena kauli ya kutendwa."

Nimekaa na jambo hili tangu walipoondoka saa nane. Naukumbuka ule wino. Naikumbuka kalamu yenyewe, niliinunua Songea. Habari ya kuchapwa siikumbuki. Niliisoma — lazima niliisoma, sikuweza kuisahihisha bila kuisoma. Nikaona kauli ya kutendwa, sikuona aliyetendwa.

Fredi anataka Pendo arudi Ziwani mara moja. Bibi yake wa huko ana mapaja ya kupakata, anasema, na hana kalamu. Lucy anasema wasiamue kwa hasira: shule ya huko ni mbali, mkono haujapona, na mtoto mwenyewe hajaulizwa. Watakuja Jumapili ijayo wamwulize.

Sikujitetea. Sina sentensi.


Jumatano, 3 Novemba 2004

Pendo amekosa usingizi wa mchana, amekasirika, amesukuma daftari la hesabu likaanguka chini. Mara akakakamaa, kama kawaida. Nikaketi kwenye kigoda. Nikasema: "Naona umekasirika. Mkono wa kushoto unachosha kuandikia."

Akanitazama. Halafu, polepole, akanyoosha kidole akasukuma na penseli. Ikaanguka. Akaendelea kunitazama.

Nikasema: "Na penseli pia."

Mdomo wake ukatikisika. Sijui kama kilikuwa kilio au kicheko. Alikimeza. Lakini nilikiona kinapita.

Nimeogopa Jumapili kuliko nilivyowahi kuogopa mkaguzi wa shule. Nimeogopa. Naliandika neno lenyewe.


Jumapili, 7 Novemba 2004

Saa tano asubuhi. Niko barazani. Nimelitoa daftari ili mikono iwe na kazi.

Walikuja mapema. Bibi wa Ziwani ametuma salamu kwamba kitanda kiko tayari, na kwamba hana neno baya nami. Mfuko wa nguo wa Pendo uko mlangoni. Sikuufunga mimi, ameufunga Lucy — kama itabidi, alisema. Fredi aliniomba nikae nje wakimwuliza, nisimtie mtoto shaka kwa kuwapo. Ni haki yao.

Mwanzo nilisikia sauti ya Fredi tu. Anauliza vizuri. Anauliza kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemfundisha, si mimi.

Sasa Pendo analia. Hajalia katika nyumba hii tangu Jumanne ile. Ni kilio kikubwa, cha kukatika pumzi, pamoja na kupiga miguu sakafuni. Mwanaamina amesimama kwenye ua wake na ungo mkononi, hapepeti. Mtaa mzima wa Mtawanya unasikia.

Anasema kitu. Sitaki ku— sitaki ku— halafu pumzi inakatika, anaanza upya. Kama ni ku, huenda ni kukaa. Kama ni kw, ni kwenda. Nimeshika kalamu na kutega sikio. Masikio haya yalisikia kosa la mtoto wa dawati la nyuma dirisha likiwa wazi na mvua inanyesha. Sisikii kama ni ku au kw.

Fredi anamwambia: sema, mama, hutaki nini? Sema vizuri tukusikie. Anazidi kulia. Fredi anarudia: sema vizuri. Nimelijua neno hilo lilikotoka.

Mlango umefunguliwa. Ni Lucy, mtoto mchanga begani. Hajaniambia niingie, hajaniambia nisiingie. Amesogea pembeni tu, akaacha nafasi ya mtu kupita.

Wakishakata shauri, lolote liwe, nitaliandika hapa lilivyo. Sasa naliacha daftari barazani. Kigoda kiko jikoni na sina muda wa kukifuata, nitaketi sakafuni.